Mizani ya Nguruwe Pale Shuleni

Binti yangu anapomkorogea mwanawe maziwa ya unga, mimi hutoka nje. Husingizia kuku. Kuku wenyewe ni watatu na hawana shida yoyote, lakini nasimama nao mpaka mtoto amalize kunywa. Ni ile harufu ya unga mtamu ukikutana na maji ya moto, na sufuria inayoanza kushika chini. Ikinifikia puani, mimi, bibi niliyebaki na meno ya kuhesabika, nakuwa tena mtoto wa darasa la tano pale Kamina, nasubiri kuliwa.

Nasema kuliwa, na sitanii. Wenzangu mliokulia Katanga miaka ile mnajua ninachosema, wengine nitawaeleza. Tuliwaogopa batumbula. Hao walikuwa watu waliosemekana kutumwa na Wazungu kukamata Waafrika, na hawakukuua papo hapo. Walikufungia mahali, wakakulisha vizuri, ukanona, ukasahau lugha yako, ukaanza kukoroma kama nguruwe, na siku ya sikukuu ya Wazungu ukapelekwa mezani. Hakuna aliyewahi kumwona mutumbula kwa macho yake, ila kila mtu alikuwa na shemeji wa jirani aliyeponea chupuchupu. Watu wazima walitembea na habari hizo kama tunavyotembea leo na habari za simu, na sisi watoto tulizimeza bila kutafuna.

Tulikaa kambi ya reli, nyumba za matofali zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na ua wake mdogo. Tata, yaani baba yangu, alitoka Kasai kufuata kazi. Mama alikuwa Muluba wa pale pale, wa kijiji cha njia ya Kaniama, na mama yake, ambaye tulimwita Nkambo, alikaa nasi tangu alipofiwa na mumewe. Tata alikuwa mpima mizigo kwenye magazini, yaani ghala, ya stesheni. Yeye alisimamisha mzigo juu ya mizani, akasogeza lile jiwe la chuma kwenye mkono wa mizani mpaka ukatulia, akataja kilo kwa sauti. Kuandika kulikuwa kwa karani wa Kizungu, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinamkataa, na aliyemwita baba yangu majina ambayo sitayaandika hapa. Tata alisoma alama za mizani vizuri sana, lakini kalamu hakuijua. Sifa yake moja ilikuwa hii: hakuna mtu, mweupe au mweusi, aliyewahi kusema mizani yake imeiba hata gramu.

Mimi nilimpelekea chakula mchana, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwenye sahani iliyofungwa kitambaa, na huko magazini ndiko nilikowaona nguruwe. Waliletwa kutoka mashamba ya Wazungu upande wa Kaniama. Kila mmoja alisukumwa juu ya mizani ya tata akipiga kelele, tata akataja kilo, karani akaandika, kisha kijana mwingine akampaka nguruwe alama ya buluu mgongoni na kumpandisha kwenye behewa. Treni ikaenda kusini. Sikuona hata mmoja aliyerudi, na sikutegemea kumwona.

Sasa nije kwenye masomo, kama tulivyoiita shule. Mjukuu wangu mmoja yuko chuo kikuu Lubumbashi, na likizo iliyopita alinisomea daftari lake. Eti wako wataalamu wasemao shule ni gundi ya kuwashikamanisha watu wawe jamii moja. Wengine wanasema hapana, shule ni chekecheo cha wenye nguvu, wanachekecha humo watumishi wao na kuwafundisha kuridhika na utumishi. Na wengine wanasema acheni hayo makubwa, tazameni mwalimu anamwita mtoto nani, kwa maana mtoto atakuwa kile anachoitwa. Alishangaa nilipocheka. Watu hao wote niliwakuta uani kwetu bila digrii hata moja, na walikuwa wanagombana juu yangu.

Tata alisema kwa Kiswahili chetu cha Katanga, ambamo njo ni ndiyo, minyi ni mimi na kutosha ni kutoa, "Masomo njo kushika kalamu. Ule karani iko anatukana minyi juu ya kalamu tu. Siku mutoto yangu atashika kalamu, hapana muntu atamutukana."

Nkambo alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa. "Mutoto wa bantu anafundishwa na bantu. Ajue kusalimia, ajue kupika, ajue bandugu ya baba na bandugu ya mama. Ukimutosha kwa bantu, anasoma nini tena?"

"Nkambo, dunia imegeuka."

"Igeuke. Ile kitu banakulisha bule, uliza siku ya kuchinja."

Kiongozi wa shule ya wasichana, sista wa Kizungu ambaye wote tulimwita Masela Mukubwa, kwa maana sista kwetu ni masela, naye alikuja siku moja kututembelea, akaketi kwenye kiti cha tata na kusema kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba mwanamke aliyesoma vizuri nyumba yake ni safi, bwana wake anakaa nyumbani, na watoto wake hawafi ovyo. Yule karani aliposikia tata akijisifu juu yangu alisema kusoma kidogo kunatosha, mwenye kusoma sana hakubali kubeba. Mama alimwaga maji ya kunawa na kuniambia nilete kuni. Mtoto akisikia wakubwa wanazozana atakavyotumika, kila mmoja na kipande chake, atasikia nini? Mimi nilisikia bucha.

Mwaka ule Masela Mukubwa alitangaza kwamba msichana mmoja wa darasa letu ataenda bweni la mbali kusini, siku mbili kwa treni, kusomea umonitrisi, yaani ualimu wa watoto wadogo. Hapo nyuma alikuwa amekwenda Tereza, dada wa mwenzetu mmoja, na likizo ilipofika hakurudi. Tuliambiwa bweni lilikuwa na surua na watoto wamezuiwa. Mama yake Tereza alikuja stesheni siku tatu mfululizo na kitambaa kipya kichwani, akarudi nyumbani peke yake. Mimi nilikuwa nimemwona.

Mtihani ulipotoka, nilikuwa wa kwanza. Wa pili, nyuma yangu kwa alama chache, alikuwa Odiliya, mtoto wa wakulima kutoka ng'ambo ya reli. Alikuwa hana mama, alikaa kwa mjomba wake mwenye watoto tisa, na alikuja shule na miguu iliyojaa vumbi hadi magotini. Tata alikuwa ameshaanza kupokea pongezi. Lakini Masela Mukubwa akasema kichwa peke yake hakitoshi. Bweni lilitaka mtoto mwenye afya, na sisi wawili tulikuwa vijiti. Basi kila mchana tungepewa kikombe cha maziwa na kijiko cha mafuta ya samaki, kwa wiki sita. Tungepimwa leo, tungepimwa tena mwisho, na yule atakayekuwa ameongezeka vizuri ndiye angekwenda.

Kisha mlango wa ua wa shule ukafunguliwa na mkokoteni ukaingia. Juu yake ilikuwa mizani. Niliitambua kabla haijashushwa, kwa ule mguu mmoja uliofungwa waya na kwa alama ya rangi ya buluu ukingoni. Na aliyesukuma mkokoteni, na shati lake la Jumapili, akitabasamu mpaka magego, alikuwa baba yangu.

Wenzangu wanaposimulia utoto wao husema waliogopa giza, au mbwa. Mimi niliogopa saa nne asubuhi, jua likiwaka, mbele ya darasa zima, na mtu niliyemwogopa alikuwa tata niliyempenda kuliko wote. Nilidhani wamemdanganya. Halafu nikadhani baya zaidi, kwamba anajua, na amekubali kwa ajili ya kalamu ile.

"Panda, mama," aliniambia. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Simama vizuri, usitikisike."

Nilipanda. Ubao wa mizani ulikuwa na ile harufu ninayoijua, ingawa ulioshwa kwa sabuni. Masela mmoja akanibonyeza mkono juu ya kiwiko, akanifungua mdomo akaangalia meno. Tata akasogeza jiwe, akataja kilo ishirini na sita kwa ile ile sauti ya magazini, na Masela Mukubwa akaandika. Nilisikia kitu cha moto kinateremka miguuni mwangu. Darasa lilicheka. Tata alitoa kitambaa akafuta ubao, akadhani ni haya ya mtoto wa kike.

Jioni ile nilimwuliza Nkambo kama batumbula wanapima watu. Alifikiri kidogo, akasema bila shaka wanapima, mtu hawezi kununua bila kupima. Hakujua nauliza nini. Nami sikumwambia, kwa sababu ningemwambia Nkambo angemvaa tata, tata angekwenda kuuliza shuleni, na mimi niliamini anayeuliza huchukuliwa wa kwanza.

Siku ya kwanza ya maziwa tulikaa mimi na Odiliya kwenye ngazi ya nyuma ya jiko la masista. Kikombe kilikuwa cha bati, cha moto, na harufu ilikuwa tamu mno. Odiliya alikuwa ameshamaliza cha kwake na analamba ukingo. Aliangalia cha kwangu, akaondoa macho haraka, kama mtoto aliyefunzwa adabu.

Hapo ndipo nilipofikiri. Nataka msomaji aelewe kwamba nilifikiri, haikuponyoka tu. Walihitaji mmoja. Anayenona ndiye anayekwenda. Nisiponona mimi, atakwenda yeye.

"Shika," nikasema.

"Weye hautake?"

"Minyi nimeshiba."

"Bongo!" alisema, yaani uongo. "Unashiba na nini?"

"Mama alipika mingi. Kunywa upesi, Masela asituone."

Alikunywa. Kesho yake nikampa tena, na mafuta ya samaki niliyaweka shavuni hadi Masela alipogeuka, nikayatema kwenye majani. Kila siku kwa wiki sita. Odiliya alianza kuniletea vitu vya kunishukuru: karanga tano kwenye jani, kipande cha muhogo, mara moja ndege aliyemkaanga mwenyewe. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, wanasema. Mimi nilikula karanga zake huku nikimtazama mashavu yakijaa. Usiniulize kama nilimwonea huruma. Nilimwonea sana, na sikuacha. Nilipomwona amefika shule asubuhi nilishukuru Mungu kwa mambo mawili, kwamba yu hai na kwamba amenenepa.

Nyumbani nilianza kuacha nusu ya bukari yangu. Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso akitafuta homa. Tata alinunua mayai, yeye aliyekuwa hali mayai mwenyewe, akasimama juu yangu nikila. "Kula, mama. Kilo iko inakungojea." Maneno hayo yalinifuata mpaka kitandani.

Wiki sita zikaisha na mkokoteni ukarudi. Odiliya alipanda kwanza. Tata akasogeza jiwe, akalisogeza tena, na nikaona uso wake unabadilika, kwa sababu alikuwa amejua uzito kwa macho kabla ya chuma kusema. Mtoto ameongezeka kilo nne. Masela Mukubwa akapiga makofi kidogo. Kisha nikapanda mimi.

Jiwe halikusogea mbele. Tata alilirudisha nyuma, alama moja, ya pili, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Nilikuwa nimepungua. Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu nikahisi ubao unashuka chini yangu taratibu, na mkono wa mizani ukaanza kupanda bila mimi kufanya kitu.

Nikaangalia chini. Kiatu cha baba yangu kilikuwa kwenye ukingo wa ubao, nyuma, upande ambao Masela hakuuona.

Huyu ndiye mtu ambaye mizani yake haijaiba hata gramu. Leo najua kilichomfikisha hapo, na ningependa kurudi nikishike kile kiatu nikibusu. Siku ile niliona kitu kimoja tu: nimekaribia kuponyoka, na tata ananirudisha kwa nguvu behewani. Nikapiga kelele.

"Tata, tosha muguu! Tata, tosha muguu yako mu kilo!"

Masela Mukubwa aliinua macho kutoka kwenye daftari, akamtazama baba yangu tangu kofia hadi viatu, akasema polepole, "Vilevile kwa mizigo ya watu?" Ni hayo tu. Tata alivua kofia. Alilisogeza jiwe mahali pake pa kweli, akataja kilo zangu kwa sauti isiyofika hata mstari wa pili wa watoto, akasukuma mkokoteni kutoka nje.

Odiliya aliondoka na treni ya Alhamisi. Alikuwa na sanduku la mbao na gauni jeupe la shule, na alinikumbatia stesheni akilia kwa furaha na hofu pamoja. Mimi nilikuwa nalia kweli kweli. Watu walisema, tazama watoto hawa wanavyopendana. Behewa lake lilikuwa mbele na la nguruwe nyuma, na nilitazama hadi moshi ulipokwisha. Usiku nilimwota akikoroma, na siku nyingi baadaye sikula nyama yoyote, hata ya kuku.

Tata hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliacha kuniita mama. Alianza kuniita kwa jina langu la kwenye daftari, Madeleni, kama wageni. Kule magazini karani alikuwa amesikia habari, na kila mzigo ulipopimwa alimwambia, "Rudisha mguu nyuma." Tata alirudisha mguu nyuma. Nkambo peke yake alifurahi kwamba nimebaki, akaanza kunifundisha majina ya ndugu zake waliokufa, na mimi niliyarudia yote nikiwaza jina moja la mtu niliyemwua.

Likizo kuu ilipofika sikutaka kwenda stesheni. Mama alinituma mbele ya watu, nikaenda nikiwa nimejificha nyuma ya mama mmoja muuza mikate. Mlango wa behewa ukafunguliwa, na Odiliya akashuka. Alikuwa na viatu. Alikuwa amerefuka, anasema Kifaransa na mlinzi, na mdomo wake ulikuwa mdomo wake, sauti yake ilikuwa sauti yake. Nilikaa chini pale pale kwenye kokoto. Furaha niliyoipata ilinichoma, maana papo hapo nilielewa kwamba hakukuwa na mchinjaji isipokuwa mimi, na kwamba ile nafasi ilikuwa yangu.

Alikuja kwetu jioni hiyo kabla hajaenda kwa mjomba. Alipiga goti mbele ya tata, akamwekea picha ya Bikira mikononi, akasema, "Tata, minyi nilikuya kusema asante. Madeleni njo alinipa maziwa yake. Kila siku, mpaka mwisho. Mu nyumba ya mujomba nilikuwa nakula mara moja. Bila yeye hawangenichagua. Aliniambia ameshiba, lakini nilijua ni bongo."

Tata alimtazama yeye, akanitazama mimi. Mdomo ulimcheza. Kisha akaweka mkono kichwani pangu.

"Kumbe," alisema. "Minyi nilisema masomo njo kalamu. Mutoto alikuwa wa kwanza, akatoa nafasi yake kwa mwenye njaa. Na alikataa bongo mu kilo, hata ya baba yake. Hii njo masomo, mama. Hii njo masomo yote. Minyi nilikuwa mujinga."

Aliniita mama. Nilikuwa nimeingoja mwaka mzima. Nkambo alikuwa mlangoni; alinitazama sana, akauliza taratibu, "Ulimupa juu ya nini?" Nilifungua mdomo, nikaona uso wa tata, nikaufunga. Nkambo alirudi kwenye mboga zake na hakuuliza tena.

Tangu siku hiyo tata alikwenda kazini na kichwa juu. Karani alipomwambia arudishe mguu, alimjibu kwamba mguu huo umefundishwa na mtoto wake. Aliisimulia habari yangu harusini na matangani, aliisimulia kwa wanangu walipoanza shule, aliisimulia kitandani siku anakufa, akinishika mkono. Odiliya aliwafundisha watoto wa Kamina miaka arobaini, na kila darasa lililoanza aliliambia habari ya msichana wa maziwa. Wazee wazima hunisimamisha sokoni kunishukuru.

Hofu ya kuliwa iliisha pale stesheni. Hii nyingine, ya kujulikana, haijaisha. Nimeandika yote kama yalivyokuwa, na sasa nasita kuzitoa karatasi hizi, kwa sababu Odiliya yuko hai, macho yake bado mazima, na hakuna kitu kinachoandikwa mji huu asichokisoma.